Siku ya tano hajapata choo, nifanyeje?

SWALI: Dada habari za kazi. Mwanangu ana wiki saba, ananyonya maziwa yangu tu. Mwanzoni alikuwa anapata choo kila akinyonya, sasa leo siku ya tano hamna kitu. Kuna saa anajikamua mpaka anakuwa mwekundu, na jioni ndo balaa, analia saa tatu mfululizo. Nimeambiwa ni chango, nimeambiwa nimpe maji ya uvuguvugu, nimechanganyikiwa kabisa. (Mama wa kwanza)

JIBU: Pole mdogo wangu na hongera ya mtoto. Nianze na hayo maji maana ndo yamenishtua, usimpe. Mpaka afike miezi 6 maziwa yako yana maji yote anayohitaji, ukimjaza maji anashiba bure halafu ananyonya kidogo. Na kama kuna atakayekuambia asali, hiyo ndo kabisa usithubutu kabla hajatimiza mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotengeneza sumu ya kulegeza misuli.

Tuje kwenye choo. Mtoto wa maziwa ya mama tu akishavuka wiki 6 hivi anaweza kukaa hata wiki nzima bila choo na akawa mzima, maana maziwa yanatumika karibu yote mwilini, mabaki ni kidogo. Kwahiyo acha kuhesabu siku, subiri kitoke uone kikoje. Kikiwa laini hajafunga choo huyo, hata kama ni siku ya saba, ila kikiwa vigumu kama kokoto amefunga hata kama anapata kila siku. Wa maziwa ya kopo ndo wanafunga zaidi, wale mama zao wapime vijiko na maji kama kopo linavyosema, wasizidishe unga eti ashibe.

Huko kujikamua ni kwamba hajajua bado kusukuma huku analegeza chini, anasukuma na kubana kwa wakati mmoja, analia dakika kumi au zaidi halafu kinatoka laini tu! Anajifunza. Mkunjie miguu kuelekea tumboni umsaidie, lakini usimwingizie sabuni wala kipimajoto huko nyuma, atazoea kusubiri kuchokolewa.

Kilio cha jioni kwa umri wake nahisi ni koliki, yaani kulia sana kwa mtoto ambaye hana ugonjwa. Inaanza wiki ya 2 au 3, inapamba moto kwenye wiki ya 6, ikifika miezi mitatu minne inaisha yenyewe. Mbebe, tembea nae, mbeulishe katikati ya kunyonya. Matone ya gesi mimi naona ni kupoteza hela tu. Ukiona umefika mwisho, mlaze chali mahali salama utoke nje upumue dakika chache, usimtikise hata kidogo.

Ila akitapika kijani, tumbo likavimba likawa gumu, choo kikawa na damu au cheupe, joto likafika 38, au akagoma kunyonya na nepi zikawa kavu, hapo ni hospitali saa hiyohiyo hata iwe usiku. Na kama alipozaliwa kile choo cheusi kilichelewa zaidi ya siku 2, mwambie daktari.

SWALI: Wangu ana miezi mitatu, kila akinyonya anacheua, nguo zangu zote zinanuka maziwa. Kilo zinaongezeka vizuri.

JIBU: Kama kilo zinapanda na anacheka, kazi yako ni kufua tu mama. Kile kizibo cha juu ya tumbo kinachozuia maziwa yasirudi bado kimelegea, wengi wanaacha wakikaribia mwaka. Akishanyonya mshike wima dakika 20 au 30, usiku mlaze chali hivyohivyo hata kama anacheua. Ila kwa mwenye kachanga ka wiki tatu mpaka sita, kakiwa kanatapika kwa nguvu maziwa yanaruka mbali kila kakinyonya, halafu papo hapo kanataka titi tena, huko sio kucheua, mlango wa kutokea tumboni unaweza kuwa umebana na dawa yake ni upasuaji, kapelekwe leo.