Faida ya ghala tuigawe vipi?

SWALI: Mimi na shemeji tunataka kununua mahindi Masindi na kuyauza Kampala. Natoa shilingi milioni 6, yeye milioni 4, na ndiye atakayeshinda ghalani. Faida tuigawe vipi?

JIBU: Andikeni mkataba kabla ya gunia la kwanza. Msipokubaliana, Sheria ya Ubia ya 2010 huwagawia faida sawa kwa sawa hata mitaji ikitofautiana, na hasara vilevile. Shemeji alipwe kwanza mshahara wa ghalani. Kinachobaki mgawane 60 kwa 40. Kazi ikichanganywa na mtaji, ugomvi hauko mbali. Akaunti ya benki iwe ya sahihi mbili (pesa kwenye simu ya mmoja wenu, hapana!), na magunia myahesabu pamoja kila mwezi. Anayetaka kujitoa atoe notisi ya miezi 3.