Maswali ya Wasomaji: Nimezaliwa 9 Desemba, nani mwingine yuko humu?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni dada wa Morogoro, nimezaliwa tarehe 9 Desemba na toka nikiwa mdogo bethdei yangu ni sikukuu ya taifa, yaani ndugu wote macho kwenye TV wanaangalia gwaride, keki inakuja kukatwa jioni kila mtu kashachoka. Naomba unitajie siku hiyo ukiacha Uhuru kuna nini kingine kilitokea duniani, na akina nani maarufu tumezaliwa nao. Halafu kuna shosti wangu anasema watu wa tarehe 9 tuna nyota ya uongozi, kuna ukweli hapo?

JIBU: Salama kabisa dada yangu, na hongera maana tarehe yako imejaa mpaka nimepata kazi ya kuchagua. Ila kabla sijaanza kumwaga majina naomba tukubaliane kitu kimoja. Mambo yanayokutana kwenye tarehe moja yapo ya aina mbili, yapo yaliyogongana tu kwa bahati na yapo ambayo kuna mtu alikaa mezani akaangalia kalenda akaamua iwe siku hiyo. Hizi orodha za "siku kama ya leo" zinachanganya zote kwenye sufuria moja, mtu anasoma anaona kama kuna siri fulani hivi, kumbe nusu yake ni ratiba za ofisini.

Chukua Uhuru wenyewe. Mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam Machi 1961, ule aliokuja waziri wa makoloni Iain Macleod, ulitoka na tarehe 28 Desemba 1961. Baadaye ndo ikasogezwa nyuma mpaka 9 Desemba. Kwa hiyo dada ungeweza kabisa kuzaliwa siku ya kawaida isiyo na gwaride, na watu wa tarehe 28 ndo wangekuwa wanalalamika kwenye safu hii. Ilipofika yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa sita usiku pale Uwanja wa Taifa (huu tunaouita Uwanja wa Uhuru sasa) taa zikazimwa, bendera ya Mwingereza ikashuka kwenye giza, taa zikawashwa iko ya kijani, nyeusi na dhahabu, na Prince Philip amekaa pale kwa niaba ya malkia. Wakati huohuo Luteni Alexander Nyirenda yuko juu kabisa Kibo, Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, na bendera na mwenge, kwenye kilele ambacho Mjerumani alikuwa amekipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, na tangu hapo kikawa Uhuru. Na kwa sababu sisi tuko mbele ya London kwa masaa matatu, wakati Dar ni saa sita ya kuingia tarehe 9, London ilikuwa bado saa tatu usiku tarehe 8, kwa hiyo waliokuwa wanatutawala walitupoteza jana yake, hii nimeipenda mwenyewe.

Sasa mwaka mmoja baadaye, 9 Desemba 1962, Tanganyika inakuwa Jamhuri na Mwalimu Nyerere anaapishwa kuwa rais. Watu wengi wanasahau kuwa kwenye Uhuru hakuwa rais, alikuwa waziri mkuu na mkuu wa nchi bado ni malkia, akiwakilishwa na Richard Turnbull yuleyule aliyekuwa gavana. Na Mwalimu hata huo uwaziri mkuu aliuachia Januari 1962 akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kujenga chama mikoani, akarudi kwenye uchaguzi wa Novemba akamshinda Zuberi Mtemvu. Kuiweka Jamhuri tarehe ileile ya Uhuru, hapo hakuna bahati, ni kupanga. Kenya nao wakafanya hivohivo, uhuru 12 Desemba 1963 na jamhuri 12 Desemba 1964. Ni akili tu, sikukuu mbili unalipia gwaride moja.

Na kuhusu gwaride, kuna miaka lenyewe halikuwepo. 2015 Magufuli alikuwa ameingia ikulu mwezi mmoja tu akafuta sherehe, akasema siku hiyo watu washike mafagio, na yeye mwenyewe akaonekana anaokota takataka kule Feri, hela ikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. 2022 Rais Samia naye akaahirisha, fungu likaelekezwa kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalum. Miaka hiyo nadhani keki yako ilikatwa mapema.

Tutoke nje ya nchi. La kwangu mimi kubwa kuliko yote kwenye tarehe hii ni la 1979, na halisherehekewi popote. 9 Desemba 1979 kule Geneva, tume ya wataalamu ilisaini karatasi kuthibitisha kuwa ndui imeisha duniani. Ndui ile ile ambayo ukiwauliza wazee watakuonyesha mabaka usoni na kovu la chanjo begani. Shirika la Afya Duniani likaja kutangaza rasmi Mei 1980. Na mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu hapa, kijana wa Kisomali anaitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, miaka 23. Oktoba 1977 ilikuja gari imebeba wagonjwa wa ndui dereva hajui njia ya kwenda kambi ya kuwatenga, Maalin akapanda kumwelekeza, safari fupi tu ya dakika chache, ikatosha. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa sindano, japo anafanya kazi hospitali! Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka Somalia kuwahimiza wazazi watoto wapate matone ya polio, anawaambia mimi ndo wa mwisho wa ndui msifanye kama mimi. Alifariki 2013 kwa malaria akiwa kwenye kampeni hiyohiyo.

Kuna jingine linatugusa. 9 Desemba 1948 huko Paris Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, siku moja kabla ya lile tamko la haki za binadamu la tarehe 10. Mkataba ukakaa kwenye makabati karibu miaka 50 bila mahakama yoyote ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Ilipotokea mara ya kwanza, ilitokea Arusha, 2 Septemba 1998, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya wa Taba kule Rwanda. Kwa hiyo karatasi imezaliwa na wewe tarehe moja na meno yake yameotea kwetu. Tarehe 9 ikafanywa pia siku ya kuwakumbuka wahanga wa mauaji ya kimbari, na hiyo ndo ile aina ya pili, imechaguliwa makusudi kwa sababu ya mkataba. Hata Siku ya Kupambana na Rushwa iko tarehe 9 kwa sababu mkataba wake ulifunguliwa kusainiwa Mexico tarehe hiyo mwaka 2003.

Haya, upande wa teknolojia. 9 Desemba 1968 San Francisco, jamaa anaitwa Douglas Engelbart alisimama mbele ya ukumbi akaonyesha kwa dakika 90 mausi ya kompyuta (kiboksi chenye waya!), maandishi unayobonyeza yanakupeleka kwenye maandishi mengine, na kuongea na mwenzako kwa video kwenye skrini. 1968! Na sasa angalia hii, Grace Hopper, mama wa Kimarekani aliyekuwa wa kwanza kwanza kutengeneza programu ya kutafsiri maelekezo ya binadamu kuwa ya mashine, na aliyefika cheo cha admirali wa jeshi la majini, alizaliwa 9 Desemba 1906. Siku ya mausi alikuwa anatimiza miaka 62. Hiyo hakuipanga mtu, ni kugongana tu.

Wengine nitawapitia haraka. Mcheza sinema Kirk Douglas, 1916, akafika miaka 103. Judi Dench, 1934, yule bosi wa James Bond. Sonia Gandhi, 1946, Mwitaliano aliyeolewa India akaishia kuongoza chama cha Congress. Lech Walesa, fundi umeme wa kiwanda cha meli, hakuzaliwa siku hiyo ila ndo alichaguliwa rais wa Poland, 1990. Na 1992 wanajeshi wa Marekani walishuka ufukweni Mogadishu usiku wamejipaka rangi usoni kama wanaenda kuvamia, wakakuta waandishi wa habari wamewasubiri na taa za kamera.

Orodha nyingi zitakutajia pia mshairi wa Kiingereza John Milton, 9 Desemba 1608. Huyo mchukue kwa tahadhari. Uingereza wakati ule ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma siku 10, wakaja kubadilisha 1752. Kwa kalenda ya ukutani kwako Milton ni wa tarehe 19.

Nyota ya uongozi sasa. Dada, binadamu tumepita bilioni 8, gawa kwa 365, unapata watu kama milioni 22 wenye bethdei yako. Kama wote ni viongozi, wanamwongoza nani? Mwambie shosti akutafutie sababu nyingine ya kukupa uenyekiti wa kikoba.

SWALI: Mimi ni mwalimu Kahama. Darasani nina watoto 45, nimegundua wawili wamezaliwa tarehe moja na wenzao wanawaita mapacha, wengine wanasema ni muujiza. Nimwambie nini mtoto wa darasa la sita?

JIBU: Mwalimu shikamoo. Waambie muujiza ungekuwa wasipatikane. Kwenye kundi la watu 23 tu, uwezekano wa wawili kugongana tarehe umeshapita nusu, na kwa 45 unafika kama 94 kwa mia. Watoto watabisha, watasema mwaka una siku 365 sisi tuko 45 inakuwaje, na hapo ndo kosa lilipo, kila mtoto anahesabu kama wenzake wote wanatafuta tarehe YAKE. Mtoto mmoja kupata mwenzake humo ndani ni kama 11 kwa mia tu. Lakini swali ni wowote wawili, na watoto 45 wanatoa jozi 990. Wape kazi kwa vitendo: mmoja asimame ashikane mikono na wote 44, kisha anakaa, wa pili anashikana na 43 waliobaki, hivohivo. Wakifika wa tano mikono imechoka na wameelewa jozi zinatoka wapi, huhitaji hata ubao. Halafu nenda madarasa mengine ya shule yenu mkahakiki kwenye rejista, yale yenye watoto 40 kwenda juu mengi yatakuwa na "mapacha".

SWALI: Bibi yangu Nachingwea kitambulisho kinasema 1 Januari 1950. Na babu mdogo 1 Januari. Na shangazi 1 Januari. Huku kwetu watu walikuwa wanazaliwa mwaka mpya tu?

JIBU: Hahaha, hapana mjukuu. Fomu inataka siku na mwezi, bibi anajua mwaka tu tena kwa kukisia, karani anajaza 1 Januari mambo yaishe. Wasomali wengi waliopelekwa Marekani kama wakimbizi nao waliandikwa hivohivo, mtaa mzima bethdei moja.

Ukitaka kusogea karibu usimuulize tarehe, muulize tukio, na kwenu mna bahati kuna tukio kubwa lenye miaka yake. Ule mradi wa karanga wa Waingereza, Kongwa na Nachingwea, ulianza 1947 na serikali yao ikautupa mwanzoni mwa 1951. Kwa hiyo muulize mama yake alimsimulia nini: alizaliwa wale Wazungu hawajafika, au matrekta yako porini yanang'oa miti, au walikuwa wameshaondoka wamebaki wachache? Kisha uliza msimu, mvua au mavuno, na nani kwenye ukoo ni mkubwa wake kwa mwaka mmoja. Andika majibu na jina la aliyeyasema, ila kabla hujakimbilia kubadilisha kitambulisho angalia kwanza karatasi zake zingine zinasemaje, pensheni na hati ya shamba zikitofautiana na kitambulisho ni usumbufu ambao bibi hauhitaji. Bethdei unaweza kumfanyia siku yoyote.