Platini ndani ya dripu: maswali yenu

Mama anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi kasema kwenye dripu kuna platini. Ndiyo ile ya pete?

Pole kwa kuuguza. Metali ni ile ile, ila kwenye pete platini imeshikana na platini mwenzake. Dawa ya mama, sisplatini, ina atomu moja ya platini katikati, imezungukwa na amonia mbili na klorini mbili. Ikiingia ndani ya seli, klorini zinabanduka, maji yanachukua nafasi zao, kisha platini inaing'ang'ania DNA na kuikunja. Seli ikishindwa kuinakili, inakufa.

Niko kidato cha sita. Kuna tofauti gani kati ya maumbo mawili ya molekuli hii, “sisi” (cis) na “transi” (trans)?

Chora mraba, platini katikati. Amonia mbili zikikaa kona jirani, ni umbo la “sisi”, yaani dawa. Zikitazamana ni transi: atomu zile zile, lakini haitibu.

Nani aligundua dawa hii?

Unga wenyewe wa manjano aliutengeneza Mwitaliano Michele Peyrone miaka ya 1840, ukakaa zaidi ya karne nzima bila kazi hospitalini. Miaka ya 1960 Barnett Rosenberg wa Michigan State, Marekani, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa vipande vya platini, metali aliyodhani haina neno na mtu. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama tambi. Umeme ulisingiziwa bure! Platini kidogo ilikuwa ikiyeyuka kutoka kwenye vile vipande. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1978.

Mwenzangu famasi kaiweka kwenye friji. Kuna ubaya?

Upo. Baridi huifanya itoe chembechembe ngumu. Ikae kwenye joto la kawaida la chumba, mbali na mwanga. Vifaa vya alumini navyo marufuku: hutokea mashapo meusi na dawa hupungua nguvu.

Mbona mama anawekewa maji mengi hivyo kabla ya dawa?

Ni kwa ajili ya figo, ambazo sisplatini haizionei huruma. Maji yale yana chumvi, na klorini ya chumvi husaidia zile za dawa zisibanduke mapema kwenye damu. Kichefuchefu atapewa dawa yake. Masikio yakianza kuvuma, mwambieni daktari siku hiyo hiyo, msingoje kliniki ijayo.