Barua kwa mwanangu: bandari iliyopokonywa bara lake

Mwanangu,

Picha ya Piazza Unità, uwanja mkuu wa Trieste huko Italia, imefika. Majumba pande tatu, upande wa nne bahari tupu. Nimeitazama mpaka baba yako akaninyang'anya simu. Unauliza mji mdogo hivi ulipata wapi hela ya majumba ya kifalme, na meli zake zimekwenda wapi. Hata mimi nilijiuliza, miezi ile mitatu niliyokuja kwa kozi pale Miramare, kwenye kituo cha fizikia alichokianzisha Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, mwaka 1964.

Kwanza sahau Italia. Mwaka 1382 Trieste, kwa kuiogopa Venice, ilijiweka chini ya Wahabsburg, ukoo uliotawala Austria, na kwa karne tatu na zaidi ikabaki mji mdogo wa samaki na chumvi. Mwaka 1719 Kaisari Karl wa Sita akaitangaza bandari huru, isiyotoza ushuru wa forodha. Wafanyabiashara wakamiminika: Wagiriki, Waserbia, Wayahudi, Waarmenia. Binti yake, Maria Theresa, akafukia mashamba ya chumvi na kujenga mtaa wa barabara zilizonyooka, huo wenye mfereji unaoupita kila asubuhi. Lile kanisa lenye kuba za buluu ni la Waserbia. Reli ya Vienna ikafika mwaka 1857, Suez ikafunguliwa 1869, na kahawa ya Ulaya ya kati ikawa inashushiwa hapo. Majumba unayoyaona ni faida ya miaka hiyo.

Bandari hula kwa bara lake. Wewe mtoto wa Tanga nisikueleze sana. Umekua ukiwasikia wazee wakisimulia mkonge na reli. Austria ilipovunjika mwaka 1918, Trieste ikaangukia kwa Italia, ambayo tayari ilikuwa na Genoa, Napoli na hiyo hiyo Venice. Bara likabaki ng'ambo ya mpaka.

Watakwambia ulikuwa mji wa watu wote. Usikubali haraka. Tarehe 13 Julai 1920 Mafashisti waliichoma Narodni dom, nyumba ya Waslovenia, katikati ya mji, na baadaye watu wakalazimishwa kubadili hata majina ya ukoo. Kinu cha mpunga cha San Sabba, Wanazi walikigeuza kambi yenye tanuri la kuchomea maiti. Nenda ukaone, ila usiende peke yako. Baada ya vita, kuanzia 1947 hadi 1954, mji haukuwa wa Italia wala wa Yugoslavia. Walinzi walikuwa Waingereza na Wamarekani.

Meli zipo, mwanangu, unatazama upande usio wake. Pinda kusini, kuelekea Muggia: meli za mafuta. Tangu 1967 bomba linayapeleka mafuta hayo Austria na Ujerumani, kwa hiyo bara limerudi kwa kupitia chini ya ardhi. Halipendezi kwenye picha, basi.

(Yule Richard Burton, mpelelezi wa Kiingereza aliyefika kwetu Tanga mwaka 1857, kabla ya kwenda kutafuta ziwa, alifia hapo Trieste mwaka 1890, akiwa konseli wa Uingereza. Nilicheka nilipogundua.)

Sasa ya mama. Kahawa nyeusi hapo usiseme espresso, sema "nero". Yenye tone la maziwa ni "capo", na ukiitaka kwenye gilasi, "capo in b"; mhudumu atadhani umezaliwa hapo. Na ule upepo mkali wa hapo uitwao "bora" ukianza kuvuma, usipite gatini Molo Audace. Zamani walifunga kamba mitaani watu wajishikilie. Mimi nilijifanya mtoto wa pwani, upepo gani nisioujua? Mtandio wangu wa zambarau ukanichomoka kichwani, nikauona ukielekea Venice. Nunua kofia yenye kamba ya kidevuni.

Mama yako