Mlioanza ufundi wa ndege hapa Kisauni Zanzibar, someni na habari za majeshi ya anga

Assalam alaykum wadogo zangu, hasa nyinyi wanne mlioingia bandani, kwenye karakana yetu ya ndege, mwezi huu, na wengine wa skuli mnaoniuliza kazi hii inaanzia wapi. Mimi nina miaka 22 ndani ya ufundi wa ndege, na kilichonisomesha sana, ukiacha mikono ya walonitangulia, ni kusoma habari za nchi ambazo jeshi lao la anga lilivunjwa vitani na wakalisimamisha tena. Najua mtu atasema sisi hapa tunapeleka watalii na watu wanaokwenda zao Pemba, MiG, zile ndege za kivita za Wasovieti, zinatuhusu nini. Zinatuhusu, subirini.

Chukua Misri. Tarehe 5 Juni 1967 asubuhi ndege za Israel zilikuja chini chini zikakuta za Misri zimepangwa nje, mabomu ya mwanzo yakachimba njia za kurukia ili pasiruke kitu, halafu wakarudi wakazipiga moja moja pale pale chini, na siku haijamaliza Misri imeshapoteza ndege karibu 300. Sasa tizama kilichofuata. Wasovieti walianza kuleta ndege nyengine haraka, miezi michache tu viwanja vishaanza kujaa tena, lakini pigo la kujibu lenyewe likaja 6 Oktoba 1973. Ni miaka 6 hiyo. Sababu zilikuwa nyingi, siasa na ulinzi wa makombora na mengine, ila moja kubwa ilikuwa watu, kwani ndege unaishusha melini lakini rubani au fundi humshushi. Novemba 1967 Hosni Mubarak akapewa chuo cha anga atoe marubani wengi na kwa haraka, na 1972 akawa kamanda wa jeshi zima la anga. Huku chini wakajenga mamia ya mabanda ya zege ya kufichia ndege, wakaweka na watu wa kufukia mashimo ya njia za kurukia, maana walishaona ndege nzima isokuwa na njia ni sawa na mbovu. Siku ya siku, saa nane mchana, zikaruka ndege zaidi ya 200. Wengi wakisoma hapo wanamuona rubani tu. Mimi namuona aliyekesha, kwa sababu kila ndege ile kuna mtu aliifungua, akaifunga, akaisainia kuwa iko salama kuruka.

Ila kisa kinachoniuma ni cha Ujerumani Magharibi. Jeshi lao la anga lilivunjwa 1945, likaanzishwa upya 1956, kwa hiyo hapo katikati kuna miaka zaidi ya 10 hakuna aliyerusha wala aliyefungua injini ya ndege ya kivita, na ndo hiyo miaka dunia ilipohamia kwenye jeti. Wakanunua F-104 Starfighter, ndege kali, yenye mbawa fupi, haisamehe kosa, wakaibebesha na kazi ya kuruka chini katika hali mbaya ya hewa. Mafundi wengi walikuwa wageni wa kazi, mabanda hayatoshi ndege zinalala nje kwenye mvua. Walizipokea 916, zikaanguka 292, wakafa marubani zaidi ya 100. Wallahi kila nikifika kwenye hesabu hiyo huwa naweka kitabu chini kwanza. 1966 akapewa uongozi Johannes Steinhoff, rubani wa zamani ambaye mwenyewe aliungua uso kwenye ajali ya ndege mwaka 1945, yeye akashika mafunzo na usalama na matengenezo, na ajali zikapungua. Ndege ni ile ile.

Haya nimeyaona na mimi, kwa udogo wake. Kuna pahala nilifanya kazi zamani, fundi mkubwa wetu aliondoka, tukabaki vijana watupu hakuna mwenye leseni ya ile injini. Spea zipo, mafuta yapo, ndege imeshatengenezwa nzima, imekaa wiki 9 haina wa kuisainia. Nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi. Kilichoniudhi zaidi yule mzee alikuwa yuko tayari kutusomesha miaka yote ile na hakuna aliyempangia hata saa moja kwa wiki, kila siku kazi, kazi, kazi.

Ndo maana nawasumbua. Mukimuona mkubwa anafunga waya wa usalama simameni karibu muangalie anavyoupitisha, waya lazima uvute nati upande wa kukaza, ukiupitisha kinyume utaonekana mzuri lakini unasaidia nati kufunguka, na hilo picha ya kitabuni haikuoneshi vizuri kama kidole chako. Andikeni kila mulichokigusa siku hiyo hiyo, hata kifuniko ulichofungua ukarudisha, musiseme ntaandika kesho. Na hesabuni spana kabla ya kufunga injini, ikikosekana moja ndege hairuki, hata abiria wakigomba.

Iraq nayo baada ya 2003 ilianzia chini kabisa, ndege za kivita za F-16 za mwanzo zilifika 2015, lakini kabla yake walikuwa wakisomeshea marubani kwenye Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, ndugu yake huyu huyu tunayemuosha hapa. Kwa hiyo asikudharaulishe mtu kazi ya bandani kwetu.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, kabla ya safari ya mwanzo ya Chake, tutaosha injini ya Caravan kwa maji safi kutoa chumvi ya bahari. Nyinyi wanne mutashika mpira wa maji, mie ntasimama pembeni. Njooni na daftari.