Usimtoe kwotabeki wako kabla hujahesabu sekunde anazopewa

Mleta mada, usimtoe huyo kijana Jumamosi. Umesema wewe ni kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya watoto wa miaka 13 na 14 huko Indiana, kwamba pasi za kwotabeki wenu, yaani yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuwarushia wenzake, zimenaswa na wapinzani mechi nne mfululizo, kwamba wazazi wanapiga kelele pembeni mwa uwanja, na kwamba mmempata mtoto mwingine mrefu mwenye mkono wa nguvu. Ukauliza pia mtawaelezaje wazazi wa huyu anayetolewa. Mimi nilifanya hayo hayo unayotaka kuyafanya, hapa Columbus, Ohio, na mpaka leo yananiuma.

Timu yetu ilikuwa imeshinda mechi moja kati ya tano. Kwotabeki wetu alikuwa mtoto mtulivu, mwenye akili ya mchezo, lakini kila alipopokea mpira alianza kurudi nyuma kwa hatua za haraka, akarusha kabla ya wakati wake, na mpira ukaenda alikokusudia au usiende. Wazazi wakasema ana woga. Tukamleta mwalimu wa kurusha mpira, mtu wa kulipwa kwa saa, ambaye alimtazama kijana kwa dakika arubaini akirusha peke yake kwenye nyasi, bila mtu yeyote wa kumkimbilia, kisha akatuambia kwa kujiamini kabisa kwamba mtoto huyu hafai nafasi ile na hatafaa. Akatupendekezea mtoto mwingine, ambaye baadaye tuligundua kwamba alikuwa mwanafunzi wake wa kulipa kila wiki. Mtu yule hakuomba kuona hata mechi moja! Alipokea fedha za wazazi wanaofanya kazi za usiku kwenye maghala, akatoa hukumu juu ya mtoto wa watu, akaondoka. Nami niliyekuwa na daftari la mazoezi mkononi nikakubali, kwa sababu ni rahisi sana kumlaumu mtu mmoja ambaye kila jicho uwanjani linamwona.

Siku tuliyomtoa, kijana hakubisha. Alivua ile bangili ya kitambaa yenye karatasi ya michezo yetu, yaani mipango ya kila shambulizi, akaifuta matope kwenye suruali yake, akamfunga mwenzake mkononi na kumwonyesha kwa kidole mstari wa tatu, ambao wino wake ulikuwa umefifia na haukusomeka vizuri. Baada ya hapo akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Yule mpya alidumu mechi mbili na nusu. Katika ya tatu alikuwa ameinua mkono kurusha, akapigwa kutokea nyuma upande wa kushoto na mtu ambaye hakumwona kabisa, na mtulinga wake ukavunjika. Nilimsindikiza hospitali pamoja na mama yake. Usiku ule sikulala; nikafungua video za mechi zote, na kwa mara ya kwanza sikumtazama kwotabeki, nikawatazama watano wanaosimama mbele yake kumlinda. Mlinzi wetu wa kushoto kabisa, ambaye kwa mrushaji wa mkono wa kulia ndiye anayelinda mgongo wake, alikuwa akipitwa karibu kila mchezo. Nikahesabu kwa saa ya simu: sekunde moja na nusu, sekunde moja na robo, mara chache mbili. Wapokeaji wetu walihitaji sekunde mbili na nusu kufika pale tulipowachorea. Yule mtoto tuliyemwita mwoga alikuwa akirusha mapema kwa sababu sisi makocha tulimpa michezo isiyowezekana nyuma ya ukuta uliobomoka, na kwa mechi tano alikuwa ametafuta njia ya kusalimika bila kumlaumu mwenzake hata mara moja.

Hili haliko kwa watoto tu. Houston Texans, timu ya kulipwa, walipoanza kucheza mwaka 2002, walimchagua kwotabeki David Carr wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya wa vyuo, wakamweka nyuma ya safu dhaifu, akaangushwa akiwa na mpira mkononi mara 76 katika msimu huo mmoja, rekodi ya NFL, ligi kuu ya Marekani, ambayo haijavunjwa. Baada ya misimu mitano wakamwacha. Na hapa kwetu Ohio, Cleveland Browns walichoka na kwotabeki wao Baker Mayfield baada ya msimu wa 2021, aliocheza karibu wote akiwa na bega la kushoto lililoumia. Walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza za kuchagua wachezaji wapya wa vyuo pamoja na mkataba wa dola milioni 230 uliohakikishwa wote ili wampate kwotabeki mwingine, Deshaun Watson. Mayfield akaishia timu ya Tampa Bay, na mwaka 2024 akarusha pasi 41 za tachidauni, yaani zilizoishia kwa kufunga.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi fanya jambo moja. Chukua video za hizo mechi nne, na kama hamna, mwombe mzazi arekodi mazoezi akiwa amesimama nyuma ya kwotabeki, juu kidogo. Anza kuhesabu mpira unapotoka kwa mchezaji wa katikati anayempa kwotabeki, simamisha pale mpinzani wa kwanza anapobakiza hatua moja kumfikia kijana, andika, kisha andika aliyepitwa ni mlinzi gani. Ukipata chini ya sekunde mbili katika nusu ya pasi, badilisha walinzi na fupisha michezo, mpira utoke mkononi baada ya hatua tatu, na umwache kijana mahali pake. Ukipata sekunde tatu na bado anarusha kwa wapinzani, hapo ndipo tuzungumze juu ya yule mrefu. Niletee hizo namba kabla ya Ijumaa usiku, nitazipitia nawe moja moja, nikianzia upande wa kushoto.