Gesi ikinuka, kipi kitangulie?

Watu wakiniuliza wanunue mtungi gani wa kuzimia moto, nami huwauliza: usiku ukishafunga, ufunguo wa geti la mlango wa nyuma unakaa wapi? Wengi huanza kufikiri. Kwenye nyumba zetu zenye nondo kila dirisha, swali hilo linatangulia mtungi wowote.

Gesi ya kupikia imeingia karibu kila nyumba mtaani kwetu, ya kilo 6 yenye jiko juu yake au ya kilo 15 yenye mpira, na mimi naifurahia, maana moshi wa mkaa umetutoa machozi vya kutosha. Tatizo ni mazoea. Jiko la mkaa likisumbua unaliinamia kulitengeneza. Gesi ikivuja, kwanza kusiwe na cheche, halafu watu watoke, mtungi baadaye. Vyombo havimo kabisa kwenye foleni.

Jioni moja umeme umekatika, jirani akanigongea. "Dada, hebu njoo unuse, jikoni kwangu kunanuka." Mkononi ana kibiriti, alikuwa anatafuta mshumaa. Nikamnyang'anya kibiriti, salamu zikafuata baadaye sana. Wanawe walikuwa wamekaa kwenye mkeka koridoni, karibu na mlango wa jiko, na hapo ndipo pabaya zaidi: gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kutuama. Wewe uliyesimama unasikia harufu tu, aliyeketi chini imemzunguka. Tukawabeba nje, tukaacha milango na madirisha wazi. Harufu ilikuwa bado hafifu ndiyo maana nilirudi kufunga koki. Ingekuwa kali nisingerudi, na yeye nisingemruhusu. Tukazima meni swichi, ambayo kwake iko ukuta wa nje mbali na jiko, kwa sababu umeme ukirudi friji hujiwasha yenyewe.

Asubuhi tulipaka povu la sabuni kwenye mpira. Vipovu vikavimba pale unapoingia kwenye regulata, penye ufa mwembamba usioonekana hadi uukunje.

Moshi una tabia nyingine. Moshi wa moto hupanda juu, kwa hiyo humo unainama, hata kutambaa, kuelekea mlangoni. Watoto wafundishwe yote mawili: pakinuka gesi, simama utoke, pakijaa moshi, inama utoke.

Moto ukiwaka shingoni mwa mtungi na koki haifikiki, usiuzime. Ukiuzima gesi itaendelea kumwagika bila kuwaka, ikusanyike, ikutane na cheche nyingine. Toeni watu, mkae mbali. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima jiko kama unafika, funika na mfuniko, usifunue kuchungulia hadi kipoe. Maji hapana, yatarusha mafuta yanayowaka hadi usoni. Aliyeungua ndiye wa kumwagiliwa maji ya bomba, dakika 20, na dawa ya meno ibaki bafuni.

Mkishatoka, kazi kubwa ni kuzuia watu wasisogee. Hapa sisi Waswahili tuna ugonjwa wetu. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakajaa kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Waliokufa wengi hawakuwemo kwenye ajali ya lori, waliifuata. Kwa hiyo mpe mmoja mwenye sauti kazi ya kufukuza watazamaji, wenye sigara na bodaboda zinazounguruma kwanza.

Simu ipigwe ukiwa nje, mbali na nyumba. Tanzania Zimamoto ni 114, bure. Kenya piga 999 au 112. Usiseme "nyumba ya mzee fulani." Taja kata, mtaa, kituo cha daladala, msikiti au shule ya karibu, sema kama kuna mtu ndani na kama kuna mtungi, kisha mtume kijana asimame barabara kuu na tochi, kwa sababu gari lao halipiti kila kichochoro na dereva hajui kwako.